Viini Vinane Mbele ya Hakimu

Mwezi Oktoba 2015 mnunuzi mmoja wa kompyuta alifungua shauri dhidi ya kampuni ya AMD katika mahakama ya shirikisho ya California Kaskazini. Malalamiko yake yalihusu neno moja la kwenye matangazo. AMD ilisema kwamba prosesa zake za familia ya FX zina viini vinane. Yeye akadai kwamba, kwa jinsi mnunuzi wa kawaida anavyolielewa neno hilo, alikuwa ameuziwa vinne. Wanasheria wakaanza kubishana kuhusu kiini ni nini. Agosti 2019 AMD ilikubali kulipa dola milioni 12.1 bila kukiri kosa, na shauri likaisha kabla hakimu hajatoa fasili.

Fasili hiyo ningependa sana kuisoma. Ni nadra istilahi ya kiufundi kufika mahali ambapo maana yake ina bei inayojulikana, na sisi tunaoandika na kuhariri mambo ya ufundi kwa Kiswahili tungepata pa kuanzia. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, maneno ya kwenye skrini yamepata maskani kwa kiasi fulani: faili, dirisha, hifadhi, bandika. Maneno ya chuma kilicho ndani ya kasha bado yanatangatanga. Mtu akitaka kulinganisha prosesa mbili za kompyuta ya mezani kwa Kiswahili kilichonyooka, hukwama kabla hajafika kwenye tarakimu. Kwa hiyo nachukua jozi moja ambayo mashuleni na madukani bado ipo hai katika kompyuta za mtumba, na ambayo ndiyo iliyozaa ugomvi ule: FX-8150 ya AMD, iliyotoka Oktoba 2011, na Core i5-2500K ya Intel, iliyotoka Januari mwaka huohuo.

Natumia neno prosesa kwa makusudi. Kichakataji ni neno lililoundwa vizuri, maana kuchakata tayari tunako katika viwanda vya samaki na korosho, na kompyuta nayo inapokea kitu kibichi na kutoa kilichoandaliwa. Lakini muuzaji anasema prosesa, fundi anasema prosesa, na mwanafunzi anayeuliza bei anasema prosesa. Neno likishakubalika kwa watu wote hao, sioni sababu ya kulifukuza.

Sasa kiini. Ndani ya i5-2500K kuna sehemu nne zinazofanana, na kila moja inajitegemea: inaleta maagizo ya programu, inayafasiri, inafanya hesabu za namba kamili, inafanya hesabu za desimali, ina kache yake, yaani hifadhi ndogo ya haraka iliyo karibu. Ukizima tatu, ya nne itaendelea kufanya kazi yote. Hapo hakuna anayebisha. Viini ni vinne. FX-8150 imejengwa kwa namna nyingine. Wahandisi wa mpango wa Bulldozer waliigawa katika moduli nne, na katika kila moduli wakaweka vitengo viwili vya namba kamili, kila kimoja na kache yake ndogo ya data. Lakini mambo mengine yote makubwa vitengo hivyo viwili vilishirikiana: kuleta maagizo, kuyafasiri, hesabu za desimali, na kache ya daraja la pili ya megabaiti 2. Ukihesabu vitengo vya namba kamili unapata vinane. Ukihesabu vya kufasiri maagizo, au vya desimali, unapata vinne. Chuma ni kilekile, na hesabu zote mbili ni sahihi.

AMD ilikuwa na hoja nzito kuliko wengi walivyokubali. Prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978 haikuwa na kitengo cha desimali hata kimoja. 8087, iliyofanya hesabu hizo, ilikuja mwaka 1980 kama kipande cha pembeni kilichonunuliwa peke yake. Hadi 386 mambo yalikuwa hivyo. Ni 486DX ya mwaka 1989 iliyoingiza desimali ndani, na hata baada ya hapo, mwaka 1991, Intel iliuza 486SX ambayo haikuwa nazo. Hakuna aliyesema kwamba 386 si prosesa kamili kwa kukosa desimali. Basi kwa nini kitengo cha namba kamili chenye kache yake kisiitwe kiini? Jibu langu ni kwamba maana ya neno husogea pamoja na matumizi ya watu wake. Mwaka 2011, miaka zaidi ya 20 baada ya 486DX, mnunuzi aliyezoea viini vya kila kampuni, pamoja na viini vya AMD yenyewe vya miaka iliyotangulia, alikuwa na haki ya kutegemea kwamba kiini kinabeba desimali zake na kinajifasiria maagizo yake. Kuhusu kufasiri maagizo AMD ilikuwa dhaifu zaidi, kwa sababu hata 8086 ilijifasiria.

Kiswahili kinaliona jambo hili kwa jicho lake. Kiini kwetu, tangu zamani, ni kimoja katika kitu kimoja: kiini cha yai, kiini cha mbegu, kiini cha habari, na baadaye kiini cha atomi na kiini cha seli. Yai la viini viwili lipo, lakini mwenye kulipasua huwaita wengine waje waone. Tunaposema prosesa yenye viini vinane tunalisukuma neno mbali na mazoea yake, na katika kusukumwa huko limepoteza ile hisia ya moyo wa kitu na kubaki na hisia ya hesabu tu. Silipingi. Kokwa lisingefaa, na kori, ambalo nalisikia madukani, halimwambii asiyejua chochote. Ninachotaka ni kwamba kiini kiwe na sharti. Fasili ninayoitumia mwenyewe ninapohariri ni hii: sehemu ya prosesa inayoweza kuleta maagizo, kuyafasiri na kuyatekeleza yenyewe, bila kungojea zamu kwa jirani. Kwa sharti hilo FX-8150 haina viini vinane vilivyo huru, wala si haki kuiandika kuwa ina vinne kama i5. Ina jozi nne za viini pacha. Neno pacha linabeba kila kinachohitajika: wawili, waliotoka pamoja, wenye kushirikiana. Laiti AMD ingekuwa na neno kama hilo mkononi mwaka 2011; huenda California kusingekuwa na shauri.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa maoni yangu ulitoka kwa Microsoft, ambayo haikuwa upande wowote wa ugomvi. Windows 7 iliichukulia FX-8150 kuwa na viini vinane sawa kwa sawa, kwa hiyo iliweza kupanga kazi mbili ndani ya moduli moja zikabanana wakati moduli nyingine ziko tupu. Miezi michache baadaye kikatoka kiraka kilichobadilisha mpangilio: kwanza kazi itawanywe kwenye moduli zote, ndipo nafasi za pili zijazwe. Na katika Windows 8, dirisha la kusimamia kazi liliandika kwamba prosesa hizi zina viini vinne na prosesa za kimantiki nane. Aliyeijenga aliandika vinane kwenye kasha, na programu iliyolazimika kuiendesha ikaandika vinne kwenye skrini, kwa sababu programu inayogawa kazi haiwezi kuishi kwa fasili isiyolingana na chuma.

Kuna mkanganyiko mwingine wa hapohapo, nautaja kwa haraka. Mwaka 2006 Intel ililichukua neno la Kiingereza la kiini, Core, na kulifanya jina la bidhaa. Tangu hapo mtu akisema anataka Core i5, haijulikani kama anataja chapa au anahesabu, na wapo wanaoamini kwa dhati kwamba i5 ina viini vitano na i7 ina saba. i5-2500K ina vinne. Na i7-2600K ya mwaka uleule ina vinne. Mwandishi wa Kiswahili ana bahati hapa: akiacha Core kwa herufi kubwa kuwa jina, na kiini kuwa nomino, msomaji hachanganyi.

Nije kwenye kasi, neno ambalo nadhani limetudhuru kuliko kiini. FX-8150 ilianzia gigahezi 3.6 na kupanda hadi 4.2 kazi zikiwa chache; i5-2500K ilianzia 3.3 na kuishia 3.7. Kabla hata haijaingia sokoni, FX-8150 ilikuwa imeingizwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness: huko Austin, Texas, Agosti 2011, ilipoozwa kwa heliamu ya kimiminika na kufikishwa gigahezi 8.429, huku moduli moja tu ikiwa imewashwa. Mtu akisoma hayo kwa Kiswahili cha kawaida cha magazeti yetu, ataambiwa FX ina kasi zaidi. Kisha atafungua programu inayotumia kiini kimoja kwa wakati mmoja na kuona i5 inaiacha nyuma. Katika jaribio la Cinebench la wakati huo, ambalo huchora picha kwa hesabu nzito, kiini kimoja cha i5 kilikizidi kimoja cha FX kwa zaidi ya theluthi.

Kilichopanda hadi 8.429 ni mapigo. Ndani ya prosesa kuna ishara ya umeme inayopanda na kushuka bila kukoma, na kila pigo huruhusu hatua moja ya kazi isogee. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Ni kiasi gani cha kazi kinachomalizika katika pigo moja, hilo gigahezi haisemi. Sandy Bridge, mpango uliozaa i5-2500K, ilimaliza maagizo mengi zaidi kwa kila pigo kuliko Bulldozer, na kwa tofauti iliyotosha kufidia upungufu wa mapigo na kubakiza ziada. Kwa hiyo kuna vitu viwili vya kuzidishana, idadi ya mapigo na kazi kwa kila pigo, na neno kasi limekuwa likibandikwa kwenye cha kwanza peke yake kana kwamba ndicho zao.

Sikio la Kiswahili, kwa kweli, lilikuwa na kinga. Wengi wetu tulilisikia neno megahezi redioni miaka mingi kabla ya kuliona kwenye tangazo la kompyuta. Mtangazaji alitaja masafa ya kituo chake, megahezi kadhaa, na sisi tukazungusha kitasa hadi hapo. Ilikuwa anwani. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba kituo cha megahezi 105 ni bora kuliko cha 88. Hezi ilipohamia kwenye kompyuta ilibadilika kuwa sifa, na tukaipokea sifa hiyo bila kuuliza.

Wenye viwanda wenyewe waliumia kwa jambo hilo. Novemba 2000 Intel ilileta Pentium 4, ambayo ilipitisha kila agizo katika hatua 20 fupi fupi ili mapigo yaweze kupanda. Toleo la Februari 2004 lilikuwa na hatua 31. Hatua zikiwa nyingi namna hiyo, kila prosesa inapokisia vibaya njia ambayo programu itafuata, inalazimika kumwaga kazi nyingi iliyokwisha anza na kuanza upya. Joto nalo likapanda. Oktoba 2004 Intel iliacha mpango wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4, na katikati ya mwaka 2006 Core 2 Duo ya gigahezi 2.66 ikaishinda prosesa ya Pentium ya gigahezi 3.73 katika majaribio mengi. Nyumba ni ileile, Intel kwa Intel.

AMD ya wakati huo ilikuwa na shida ya kinyume, na suluhisho lake linanivutia kama mpenda maneno. Prosesa zake zilifanya kazi nyingi kwa kila pigo, lakini mapigo yalikuwa machache, na wanunuzi walisoma gigahezi. Basi kuanzia Oktoba 2001 ikaacha kuandika gigahezi kwenye jina. Athlon XP 1800+ ilikuwa na gigahezi 1.53. Ile alama ya kujumlisha ni sentensi nzima iliyofupishwa: 1800 na zaidi. Lakini zaidi ya nini? Rasmi, AMD ilisema kipimo ni Athlon zake za kizazi kilichotangulia. Kila mnunuzi alielewa kwamba anayelengwa ni Pentium 4. Mwaka 2003 zikawepo sokoni Athlon XP 3200+ ya gigahezi 2.2 na Athlon 64 3200+ ya gigahezi 2.0. Tarakimu moja, prosesa mbili za mipango tofauti, mapigo tofauti. Kabla yao kampuni ya Cyrix ilikuwa imejaribu njia hiyohiyo mwaka 1996: 6x86 P200+ ilikwenda megahezi 150, na 200 ilitoka kwenye majaribio ya programu za ofisini. Mwaka huohuo ukatoka mchezo wa Quake, uliotegemea hesabu za desimali kwa wingi, na hapo Cyrix ikabaki nyuma sana ya Pentium. Tarakimu 200 ilikuwa kweli kwa mwandishi wa barua na si kweli kwa mcheza Quake.

Hapa ndipo naona Kiswahili kina kitu cha kutoa, na kimo katika sarufi yenyewe. Sisi hatubadilishi umbo la kivumishi ili kulinganisha. Tunatumia kuliko, au tunatumia kitenzi: hii inaipita ile, inaishinda, inaizidi. Na kitenzi kuzidi hakishibi mpaka kipewe kwa. Kuzidi kwa urefu, kuzidi kwa umri, kuzidi kwa mali. Kisha hapohapo panaingia na kiasi: kuzidi kwa inchi mbili, kwa miaka mitatu. Mtu akiniambia hii inaizidi ile halafu akanyamaza, namngoja, maana sentensi iko hewani. Kwa lipi? Kwa kiasi gani? Neno bora halina pengo hilo. Hii ni bora, na mazungumzo yamefungwa. Ningefurahi kuona kila mwandishi wa ulinganisho wa kompyuta akiacha bora na kushika kuzidi. Angelazimika kuandika hivi: FX-8150 inaizidi i5-2500K kwa mapigo, kwa kache, na kidogo kwa kazi inayogawika kwa viini vyote, na i5 inaizidi FX kwa kazi ya kila pigo na kwa programu zinazotegemea kiini kimoja, ambazo mwaka 2011 ndizo zilizokuwa nyingi, michezo ikiwemo.

Kwa kiasi gani, nalo lina mtego wake. Kazi iliyochukua dakika 60 sasa inachukua 40. Muda umepungua kwa asilimia 33. Kazi inayofanyika kwa saa imeongezeka kwa asilimia 50. Sentensi zote mbili ni kweli, na muuzaji atachagua ya pili. Mbaya zaidi ni mara: imeongezeka mara mbili husomwa na wengine kuwa imefika maradufu, na wengine kuwa zimeongezwa mara mbili juu ya ile ya kwanza. Mimi nimekwisha amua kuandika dakika zenyewe, 60 na 40, na kumwachia msomaji hesabu.

Watu wa kawaida, wasiojua gigahezi, wana msamiati ulio bora kuliko wa makala zetu. Hawasemi kompyuta haina kasi. Wanasema ni nzito. Ukibonyeza haijibu, inastaki, inaganda. Ile nyingine ni nyepesi. Wepesi ni muda kati ya kubonyeza na kujibiwa, na ndicho kitu kilichomfanya mwenye i5-2500K aendelee nayo miaka mingi kwa raha. Wingi wa kazi inayomalizika kwa saa ni jambo lingine. Mtu mwenye video ndefu ya kubadilisha umbo lake, akaiacha mashine usiku kucha, hana haja na wepesi. Anataka kazi nyingi itoke, na hapo FX-8150 ilimfaa, kwani jozi zake nne za pacha zote zilipata cha kufanya. Neno la hilo tunalo, nalo ni tija. Waandishi wa uchumi wamelitumia kwa viwanda na mashamba. Sioni kwa nini lisije huku.

Na ufanisi tuuache mahali pake. Nimekuwa nikisoma makala zinazosema ufanisi wa prosesa zikimaanisha utendaji wake kwa jumla, na matokeo yake ni kwamba hatubaki na neno la kueleza kazi iliyopatikana kwa umeme uliotumika. FX-8150 iliwekwa katika daraja la wati 125, i5-2500K la wati 95. (Wati hizo, kwa taarifa ya anayechagua feni, ni kipimo cha joto ambalo kipoozaji lazima kiweze kuliondoa, si sawasawa na umeme unaosomwa kwenye mita.) Prosesa inaweza kuwa na tija kubwa na ufanisi mdogo, na FX ilikuwa karibu na hapo. Kwa mwenye duka la intaneti anayelipia umeme wa kompyuta nyingi kwa siku nzima, tofauti ya maneno hayo mawili inaonekana kwenye bili.

Thread, ambayo wengi wameitafsiri uzi, mimi naiita mkondo. Kinachoitwa hivyo ni mfululizo wa maagizo yanayofuatana, moja likilisukuma jingine, na mkondo una mwendo ambao uzi hauna. Intel ilipoleta Hyper-Threading kwenye kompyuta za mezani mwaka 2002, kiini kimoja kikaweza kupokea mikondo miwili na kujaza nafasi za mmoja kwa maagizo ya mwingine. i7-2600K ina viini vinne na mikondo minane. Lakini i5-2500K imenyimwa uwezo huo, ina vinne na minne. Hesabu ya mikondo imewahadaa wengi, kwa sababu mkondo wa pili hauongezi kiini, unapunguza uvivu wa kile kilichopo.

Hata transista, kitu ambacho mtu angedhani kinahesabika kama punje, kilileta mzozo. AMD ilitangaza kwanza kwamba Bulldozer ya viini vinane ina transista bilioni 2, kisha Desemba 2011 ikasahihisha: bilioni 1.2. Intel nayo ilikuwa na idadi mbili za Sandy Bridge ya viini vinne, milioni 995 kwa kuhesabu mchoro wa saketi na bilioni 1.16 kwa kuhesabu zilizochorwa kwenye silikoni, kwa sababu transista moja ya kwenye mchoro huweza kujengwa kwa kadhaa. Nanometa imeharibika zaidi. Prosesa zote mbili ziliitwa za nanometa 32, na kadiri miaka ilivyokwenda tarakimu hizo zikaacha kupima kitu chochote kinachoonekana. Mwaka 2021 Intel iliibadilisha teknolojia yake ya nanometa 10 jina ikawa Intel 7, bila kizio. Nashauri tuiandike nanometa kama jina, kama tunavyoandika majina ya mitaa, na tusiwafundishe wanafunzi kutoa moja katika nyingine.

Ukitaka kulinganisha leo, kiini kimegawanyika tena. AMD iliachana na pacha mwaka 2017 kwa Ryzen, ambazo kila kiini kilikuwa kamili. Intel ikaenda upande wa pili: kuanzia Novemba 2021 prosesa moja ya mezani ina viini vya aina mbili, vikubwa vya kazi nzito na vidogo vya kubana umeme na nafasi. Mwaka 2024 mnunuzi aliwekewa mbele Core Ultra 9 285K yenye viini 24 na Ryzen 9 9950X yenye 16. Ukiishia hapo, ya kwanza imeshinda. Ukiandika kwa ukamilifu, 285K ina viini vikubwa 8, vidogo 16 na mikondo 24, kwa kuwa Intel imeondoa Hyper-Threading humo. 9950X ina viini vikubwa 16 na mikondo 32. Nimechagua vikubwa na vidogo badala ya vya nguvu na dhaifu, kwa sababu ukubwa ni wa eneo la silikoni na udhaifu ungekuwa hukumu. Hivyo vidogo vya mwaka 2021, kwa maelezo ya Intel yenyewe, vililinganishwa na viini vya prosesa zake za Skylake vya mwaka 2015, ambavyo siku zake vilikuwa ndivyo vikubwa. Kwa hiyo kando ya kila kiini kidogo naandika na mwaka wake.